Static au instansi? Angalia kwanza metodi inagusa nini

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kampala wananiuliza sana hili swali, metodi ya Java niifanye static (inaitwa kwa jina la klasi tu) au iwe ya instansi, niiite kupitia obijekti, na wengi wameshaambiwa eti static ni ya haraka kwa sababu hakuna kuandika new ya kutengeneza obijekti. Hiyo haraka isahau kabisa, kwenye mfumo wenye matabaka, yaani sehemu za juu zinaita za chini, muda unaliwa na databesi na mtandao, na obijekti ya sevisi (klasi inayofanya kazi yenyewe, kama mikopo au malipo) kwa kawaida inatengenezwa mara moja tu programu inapowaka.

Mi naangalia kitu kimoja: jibu la metodi linatoka kwenye vile ulivyoipa tu, au inaenda kuchukua kitu kingine nje? Kupiga VAT ya asilimia 18, unaipa shilingi 100,000 inakurudishia 18,000, leo na kesho, hiyo iache static wala usihangaike. Ila ikigusa databesi, mobile money au saa, basi iwe ya instansi, na hicho kitu cha nje sevisi ikipokee kwenye konstrakta, pale obijekti yake inapotengenezwa.

Saa ndo inawaponza wengi maana haionekani kama ni kitu cha nje. Chukua mfumo wa sako (chama cha kuweka na kukopa), sevisi ya mikopo ndani yake kuna LocalDate.now() ya kuuliza leo ni tarehe ngapi, static hiyo, na seva iko UTC, ile saa ya kimataifa. Uganda tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa seva bado inasema ni jana, mwanachama analipa saa saba usiku tarehe mosi, malipo yanaandikwa mwezi uliopita, na hesabu za ripoti ya mwisho wa mwezi zinakataa kulingana. Na kwenye testi wewe huwezi hata kulionyesha hilo tatizo mpaka ukeshe usiku! Java ina klasi ya Clock tangu toleo la 8, mwaka 2014. Ipitishe kwenye konstrakta, kwenye kazi halisi weka Clock.system(ZoneId.of("Africa/Kampala")), kwenye testi weka Clock.fixed na saa unayoitaka wewe, halafu ndani ya sevisi andika LocalDate.now(clock). Basi.

Na hii ni muhimu jamani: static ya Java haiwezi kuovaraidiwa, yaani klasi ya mtoto haiwezi kuiandika upya ikachukua nafasi ya ile ya mzazi. Ukiandika nyingine ya jina lile lile kwenye klasi ya mtoto unaificha tu ile ya mzazi, kompaila imeshaamua itaitwa ipi. Ndo maana tabaka la juu likiita static ya tabaka la chini linafungwa na klasi ile ile moja, ukitaka kubadilisha njia ya malipo unafungua mafaili yote. Mockito, maktaba ya kuigiza vitu kwenye testi za Java, inaweza kuigiza static tangu 3.4.0 ya 2020, inasaidia kweli, ila ukiona unaihitaji kila testi tatizo liko kwenye programu yenyewe.

Ila ukihamia instansi usianze kuweka data za mteja kwenye fildi za sevisi, obijekti ni moja na maombi mengi yanaingia kwa pamoja, watu wataona salio za wenzao.

Kama mfumo wa zamani umejaa static usibomoe zote siku moja. Tengeneza intafesi (orodha ya metodi tu, kazi inafanywa na klasi), klasi yake ndani iite ile static ya zamani, uzipe sevisi moja moja hiyo klasi kupitia konstrakta, na ukiona hakuna tena anayeiita static moja kwa moja, hamishia kazi yake kwenye klasi mpya ndo uifute.