Rotaract si ya wanachuo peke yao

Dada, umeuliza kama umechelewa kujiunga na Rotaract (klabu za kujitolea kwa jamii zilizo chini ya Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za huduma) kwa kuwa una miaka 33 na chuo ulishamaliza. Hujachelewa hata kidogo. Ule ukomo wa miaka 30 uliondolewa 2020. Sasa kinachotakiwa ni uwe umefikisha 18. Zipo klabu zilizojiwekea ukomo wao, kwa hiyo uliza kwanza. Na kaa mikutano miwili mitatu kama mgeni kabla ya kulipa ada, uone kama wanafanya kazi au wanapiga picha na fulana mpya tu!

Shughuli za kuanzia: Juni 14 ni siku ya wachangia damu duniani, na klabu nyingi huandaa uchangiaji wiki hiyo. Tanzania sharti ni uwe na miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamke huchangia kila baada ya miezi minne, mwanamume mitatu. Kula vizuri kabla ya kwenda, usije ukaanguka pale kwenye kiti. Jumamosi ya tatu ya Septemba ni usafi wa fukwe. Chukua glavu zako na viatu vya kufunika, maana vipande vya chupa havichagui mguu. Oktoba 24 ni siku ya polio, kazi kubwa ya Rotary tangu miaka ya 1980.

Mimi ningeanza na damu. Haihitaji hata kadi ya uanachama.