Mdogo wangu, ongelea nauli kabla hujapanda basi

Bahasha niliifungulia stendi ya Msamvu, Morogoro, nimekalia begi la CD ambazo hazikununuliwa. Shilingi 15,000. Nilikuwa nimetoka Dar kwa nauli yangu, nimeimba ibada mbili, na sauti ilikuwa imekauka hata kumwita muuza maji ilikuwa shida. Juu ya bahasha wameandika kwa kalamu nyekundu: "Mungu akubariki mtumishi."

Nililaumu kanisa lile miezi. Ukweli ni kwamba waliponipigia simu kuuliza gharama, mimi ndiye niliyejibu, "Msijali, nakuja kwa imani." Imani gani? Niliona aibu tu kutaja pesa, nikaisingizia imani.

Pesa yenyewe si hasara kubwa. Tangu siku ile nikawa naimba huku nahesabu viti. Macho nimefumba, mkono juu, watu wanadhani nimezama, kumbe nakadiria: safu kumi na mbili, watu kumi kila safu, leo bahasha itasoma ngapi? Jumapili moja, katikati ya ubeti wa pili, mama mmoja wa mbele akaanza kulia kilio cha mtu aliyefiwa. Mimi nikakereka, kanipotezea hesabu. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilimaliza wimbo, nikaenda kukaa nyuma karibu na mlango, na kwa karibu mwaka mzima sikukubali mwaliko wowote.

Katika mwaka huo nilikutana na Nehemia 13:10. Nehemia anarudi Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake, kwa sababu hawakupewa sehemu zao. Hakuwakemea waimbaji kwamba wana tamaa. Aliwagombeza wakubwa, akawarudisha waimbaji mahali pao. Mstari huo sijawahi kuusikia ukihubiriwa siku ya harambee, lakini mimi uliniondolea aibu.

Kwa hiyo siku hizi simu ikiingia nasema hivi: "Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nashukuru kwa mwaliko. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni kiasi hiki, naomba ifike kabla ya Ijumaa." Halafu nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi, maana ulimi unawasha kuongeza "lakini mkishindwa si neno". Wengine hawapigi tena. Wanaopiga tena, nikifika kwao ninaimba tu, kichwa hakina kikokotoo.

Kuna kwenda bure pia, na mimi naenda: msibani, hospitali, makanisa ya vijijini ambako mchungaji mwenyewe anakuja kwa miguu. Ila naamua nyumbani, kabla ya safari, na kwenye daftari naandika neno moja: sadaka. Nikishaandika hivyo, sina ruhusa ya kuinung'unikia njiani.

Studio nayo ina mtego wake. Wimbo wangu wa kwanza nilirekodi kwa mkopo wa vikoba, kwa prodyuza mlokole mwenzangu. Tuliomba pamoja, hatukuandikishana. Wimbo uko YouTube mpaka leo, kwenye chaneli ambayo si yangu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa Tanzania maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini ukienda kudai utaulizwa ushahidi, na maombi yetu hayakuwa na sahihi. Andikishaneni kwanza, karatasi moja inatosha, kisha muombe. Na wimbo ukausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla haujatoka.

Kazi yako ya mikono usiiache. Paulo alishona mahema Korintho, mimi nashona sare za shule, na Januari ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, si Pasaka.

Na kwaya usiihame. Watakwambia umeshakuwa msanii, kwaya itakurudisha nyuma. Mimi bado nipo sauti ya pili, natoa mchango wa sare kama wengine. Alhamisi iliyopita mwalimu alitusimamisha mara tatu akigonga meza. "Sauti ya pili, nani huyo anapanda?" Wasichana wakatazamana, wakainamia madaftari yao, hakuna aliyetaka kunitaja. Nikanyoosha mkono.