Gari halikati kona, na lawama ni zangu

SWALI: Kaka, nashindana kwenye iRacing, mchezo wa mbio za magari wa kompyuta unaochezwa mtandaoni, nikiwa hapa Malindi. Uwanja wa Martinsville, ule mfupi wa mviringo wa Marekani, kila nikipita kwa ndani tunagongana, nalaumiwa mimi. Tena gari halikati kona, lavutwa ukutani. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, donda ni moja. Gari lisilokata kona hupanda juu, upande wa nje, likamgonga uliye naye ubavuni. Na Martinsville ni maili 0.526 tu, hakuna pa kukimbilia.

Anza na uzito wa mshazari, yaani sehemu ya uzito wa gari inayobebwa na gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto. Upunguze nusu asilimia, zunguka mara 10, ndipo uguse tena. Ukizidisha, mkia utateleza. Huku Lamu nahodha huhamisha farumi, ule uzito wa kutuliza chombo, kidogo kidogo, akasikiliza chombo chake. Nawe fanya hivyo.

Kupita sasa. Pua yako iwe imefika mlangoni pa mwenzako kabla hajaanza kugeuka. Hujafika? Achia mafuta. Mimi huachia hata mzunguko wa mwisho, na inauma. Halafu intaneti ikisuasua, gari unaloliona halipo hapo hasa. Mwachie nafasi ya ziada.