Wasomaji Wauliza: Steringi Aliyeketi Chini

SWALI: Nimeitazama filamu ya Kihindi, Umrao Jaan ya 1981. Rekha ndiye steringi, lakini muda mwingi ameketi kwenye zulia, anaimba na kuzungusha mkono. Hapigi kelele, halii sana. Tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike kule India alipewa kwa lipi?
Msomaji, Magomeni

JIBU: Kwa huko huko kuketi. Umrao ni tawaifu, mwanamke mburudishaji, wa mji wa Lucknow, India, karne ya 19: mtoto wa Faizabad aliyeibwa, akauzwa kwa Khanum Jaan, mwenye nyumba ya matawaifu, akafunzwa mashairi, kuimba na kucheza ili awaburudishe wenye fedha. Mwanamke wa namna hiyo hamwagi uchungu wake mbele ya wateja. Huufunika kwa adabu. Rekha angelia ovyo, Umrao angepotea.

Rudia wimbo wa "In Aankhon Ki Masti". Ni ghazali, shairi la kuimbwa lenye beti za mistari miwili, na waimbaji wa ghazali hupenda kuurudia mstari wa kwanza kabla ya kuukamilisha kwa wa pili. Hapo wengi huchemsha: mstari unarudi, nao wanarudisha ishara ileile. Mwangalie Rekha kwenye marudio hayo. Mkono unazungumza na wateja, macho yanachelewa kidogo, kama mtu anayewapa walichokilipia na kubakiza chake.

Ukimaliza, nenda moja kwa moja kwenye "Yeh Kya Jagah Hai Doston". Vita vya 1857, vya Wahindi dhidi ya Waingereza, vimeisambaratisha Lucknow, naye amejikuta Faizabad, anaimba mbele ya nyumba ya kwao. Njuga ni zilezile, adabu ni ileile, ila sasa macho yamewaacha wasikilizaji, yanatafuta mlango. Mama yuko tayari kumpokea, kaka anakataa. Anarudi Lucknow, kwenye nyumba iliyobaki tupu, anafuta vumbi kwenye kioo na kujitazama. Hana wimbo wa kumbeba pale, na kwangu hicho ndicho kipande kigumu kuliko vyote.

SWALI: Ile sauti nzito ya Rekha ni yake mwenyewe?
Msomaji, Temeke

JIBU: Ya mazungumzo, ndiyo. Ya nyimbo ni ya Asha Bhosle, ambaye mtunzi wa muziki Khayyam alimtaka aimbe chini kuliko alivyozoea. Asha naye alipata tuzo ya taifa kwa kazi hiyo. Wimbo hurekodiwa kwanza, kisha hupigwa wakati kamera inazunguka. Mwigizaji anayefuatisha midomo tu utamjulia shingoni: neno linatoka, koo limelala. Kwa Rekha, tazama pumzi kabla ya mstari.

SWALI: Nitafute kopi gani?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Epuka zile za kutafsiriwa, mtafsiri akizungumza juu ya sauti. Kwa filamu za ngumi zinachangamsha. Hapa zinameza pumzi na ukimya, na ukimya ndio nusu ya kazi. Tafuta yenye maandishi chini, nyimbo zikiwa kamili, maana kopi nyingine hukata beti. Hakikisha ni ya mwongozaji Muzaffar Ali, si ile ya 2006 ya Aishwarya Rai. Na kama runinga yako inavuta picha ijae kioo chote, zima hiyo, uso wa Rekha usije ukawa sahani.