Ukishinda kwenye dubwi (mashine ya kamari ya sarafu), anayeomba "ya soda" hakudai kitu

Je, ukishinda lazima umgawie anayekuomba? Hapana, hulazimiki kumpa hata mia. Anayesimama nyuma ya kiti chako na kudai amekuletea bahati hana chake kwenye ushindi huo. Mashine inaamua yenyewe, mtu wa pembeni habadilishi kitu. Nimekaa dirisha la chenji kwenye chumba kimoja cha mashine huku Ngamiani, Tanga. Mwambie "sina, ndugu yangu" mara moja tu, akirudi mwite mhudumu. Kumtoa ni kazi ya mhudumu, si yako. Na zile sarafu za mia mbili usizihesabu palepale kwenye mashine, macho yote yanakuwa kwako: zibadili dirishani, tia noti mfukoni, ondoka. Wahudumu wakikupuuza, peleka malalamiko Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ndiyo inayotoa leseni.

Ila anayekuomba akiwa mtoto, usinyamaze. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, mwambie msimamizi. Na yule anayebembeleza "nikopeshe nirudishe nilicholiwa", jamani, mnunulie chakula ukiweza. Ukimpa taslimu inaingia mashineni kabla hujafika mlangoni, nimeona wengi.