Maswali ya wasomaji: Ukurasa wa zahanati, kundi la WhatsApp na uvumi wa kipindupindu

Mwezi huu tumechagua maswali ya watu wanaoendesha kurasa za vituo na mashirika ya afya jijini Nairobi. Tumeyafupisha.

Ukurasa wetu wa Facebook ulifunguliwa na kijana aliyekuwa hapa kwa mafunzo ya kazi. Ameondoka, na hakuna mwingine anayeweza kuuingia. Sera yetu ya mitandao ya kijamii iseme nini ili yasijirudie? (Zahanati, Kayole)

Kwanza mtafuteni kijana mwenyewe, tena kwa upole. Ukurasa wa Facebook hauna nywila yake. Huendeshwa kupitia akaunti za watu binafsi. Akikubali kuwasaidia, kazi ni ndogo: aingie kwenye mipangilio, awape wafanyakazi wawili mamlaka kamili, nao wamwondoe yeye. Asipopatikana, fungueni ukurasa mpya na mbandike jina la ukurasa huo mapokezi ili wagonjwa wasiendelee kuuliza maswali kwenye ule wa zamani.

Sera iseme hivi: kila akaunti iwe na wasimamizi wawili au watatu walioajiriwa, barua pepe iwe ya ofisi, na laini ya simu isajiliwe kwa jina la taasisi. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, lakini kwa programu ya simu inayotengeneza misimbo ya kuingilia, si kwa ujumbe mfupi. Tapeli akifanikiwa kuhamisha namba yako kwenye laini yake, ujumbe wenye msimbo unamfikia yeye. Na fomu ambayo mfanyakazi anajaza siku ya kuacha kazi, ile ya kurudisha funguo na kitambulisho, iongezewe mstari wa akaunti.

Tuna kundi la WhatsApp la kuwakumbusha wagonjwa wetu wa ARV (dawa za kufubaza VVU) tarehe za kliniki. Linasaidia sana, lakini mfadhili ameuliza kama lina idhini. Kuna tatizo? (Shirika la kijamii, Mathare)

Lipo, na ni kubwa. Kila aliye kwenye kundi anaona namba za wenzake, na wengi wana picha na jina. Jina la kundi tu linatosha kutangaza hali ya kila mmoja kwa jirani anayemtambua. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI ya 2006 inakataza kufichua hali ya VVU ya mtu bila ridhaa yake ya maandishi, isipokuwa katika hali chache ilizozitaja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaweka habari za afya katika kundi la data nyeti. Mtu kukaa kimya baada ya kuongezwa si ridhaa.

Msilifute kwa hasira usiku mmoja. Mpigieni kila mgonjwa simu, mumweleze, mumuulize anataka kukumbushwa kwa njia gani na saa ngapi, kisha muandike jibu lake kwenye faili. Baada ya hapo ondoeni wanachama wote na mfunge kundi. Mazungumzo ya zamani yatabaki kwenye simu zao, kwa hiyo waombeni wayafute. Mkigundua kwamba mtu ametajwa nje ya kundi na anaweza kudhurika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Mgonjwa naye aambiwe.

Ukumbusho utumwe kwa mtu mmoja mmoja, bila jina la dawa, kliniki wala ugonjwa: "Habari, tunakukumbusha miadi yako Jumanne saa 3 asubuhi." Simu nyingi mtaani hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na ujumbe huonekana hata kioo kikiwa kimefungwa. Kwa elimu ya jumla, chaneli ya WhatsApp inafaa: wafuasi hawaoni namba za wenzao. Ila msiipe jina la kliniki ya ARV.

Wauguzi wanarekodi TikTok wodini. Tupige marufuku? (Hospitali, Eastlands)

Katika sehemu za wagonjwa, ndiyo, hata kama uso wa mgonjwa umefichwa. Ubao wa majina, faili mezani na sauti kutoka nyuma ya pazia la pili vinasema mengi. Nje ya hapo waachieni. Muuguzi anayechekesha watu uwanjani huisaidia hospitali kuliko bango.

Kila kipindupindu kikizuka, uvumi hututangulia. Meneja huchukua siku 2 kuidhinisha posti moja. (Afisa mawasiliano)

Hapo ndipo sera nyingi hufa. Andikeni majina mawili ya waidhinishaji, mmoja wa tiba na mmoja wa mawasiliano, kila mmoja na naibu wake, na muda usiozidi saa 2. Ujumbe wa msingi uidhinishwe sasa, kabla ya mlipuko. Idadi ya wagonjwa waachieni Wizara ya Afya na kaunti. Mkitofautiana nao hata kwa mtu mmoja, mjadala utahama.

Mkijibu uvumi, anzeni na ukweli, utajeni uvumi mara moja tu, mrudie ukweli. Msisambaze picha ya uvumi wenyewe.

Vipimo viandikwe kwa ukamilifu. Maji ya chumvi na sukari ya anayeharisha, kwa mfano, ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mkiandika "kijiko" peke yake, mzazi atachukua kijiko cha mezani, na mtoto atapewa chumvi mara 3. Pia semeni kwamba pakiti ya ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini) ni bora, na kwamba kuharisha maji mengi ni safari ya hospitali mara moja.

Andikeni maneno hayo kwenye ujumbe wenyewe, si ndani ya picha pekee, kwa ajili ya mwenye bando dogo. Picha nayo iwe na tarehe inayosomeka, maana bango la mlipuko uliopita husambazwa tena kana kwamba ni la leo.