"Mwalimu, tumekosa nini?"

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, kambi za nje zinaweza kumfanya mtoto apende kusoma, au tunamtafutia tu pa kuchezea?" Zinaweza. Lakini si kwa njia ambayo waandaaji wengi wanaidhania, na nasema hivyo kama mlezi wa kujitolea ambaye mwaka wake wa kwanza kambini aliboronga.

Tulichofanya mwaka ule ni kuihamishia shule porini. Kila siku saa nane mchana filimbi ililia, watoto wakaketi chini ya mti, kila mmoja akagawiwa kitabu, na nusu saa baadaye akatakiwa atoe muhtasari kwa maandishi. Kundi jingine wakati huohuo lilikuwa mtoni likijenga daraja la kamba, kelele zao zinatufikia. Siku ya tatu mtoto mmoja alinifuata, akaniuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, tumekosa nini?"

Alidhani kusoma ni adhabu. Na kwa namna tulivyokupanga, alikuwa na haki ya kudhani hivyo.

Likizo iliyofuata hatukuweka saa ya kusoma kabisa. Badala yake tulihakikisha kwamba hakuna jambo tamu kambini ambalo mtoto angelifikia bila kupitia kwenye maandishi. Mchezo uliofanya kazi kuliko yote ulikuwa wa kutafuta hazina: makundi ya watoto sita, dira moja, na karatasi zilizofichwa njiani, kila moja ikielekeza kwenye nyingine. Msomaji wa kundi hubadilika kila kituo, kwa hiyo hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake.

Nilifuatana na kundi lililokuwa na mvulana wa miaka 10 ambaye mama yake alishatuonya kwamba "hapendi vitabu". Zamu yake ilipofika, karatasi iliandikwa: "Kwenye mwamba uliopasuka, geukieni magharibi, hesabuni hatua 60, tazameni chini ya gogo." Akaipitia kwa jicho moja, akatangaza, "Mashariki!" Wakaondoka mbio. Hatua ya arobaini walikuwa kwenye matete, hatua ya hamsini tope limewafika vifundoni, na gogo halipo.

Wanaofundisha kusoma wanaijua hali hii. Mtoto wa aina yake hasomi neno, analikisia: anaona "ma" mwanzoni na "ri" katikati, anamalizia mwenyewe. Kaskazini na kusini nazo humponza vivyo hivyo. Darasani angekosolewa, akainamisha kichwa, kesho akarudia. Pale hakuna aliyemkosoa, maana mimi nilijikaza nisiseme kitu (si rahisi, jaribuni). Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Hebu lete hiyo karatasi." Akakataa kuitoa. Akaikunjua upya, akaweka kidole chini ya neno, akalitamka polepole: "Ma-gha-ri-bi." Kisha akageuka bila kumtazama mtu, akawaongoza wenzake kurudi walikotoka. Tangu hapo kila karatasi aliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti.

Tope lilimfundisha bila kumsuta. Kambi inampa mtoto sababu ya kusoma ambayo haina mwalimu ndani yake, na sioni mahali pengine pa kuipata kwa urahisi hivyo.

Wala ndoa ya vitabu na pori si ya jana. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipotoa kitabu chake cha skauti mwaka 1908, mwaka mmoja baada ya kambi ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea, Uingereza, masomo yake aliyapa jina la hadithi za kando ya moto wa kambi. Na hadithi tunayoifahamu kwa Kiswahili kama Kisiwa chenye Hazina ilianza kwa ramani. Mwaka 1881, katika likizo iliyoharibiwa na mvua huko Braemar, Uskoti, mwandishi wake, Robert Louis Stevenson, na mtoto wake wa kambo waliburudika kwa kuchora kisiwa cha kubuni. Maneno yakafuata mchoro. Nimeiiga hiyo bila aibu: kukinyesha tunakaa hemani, kila mtoto anachora kisiwa chake, na mwenye kisiwa lazima aeleze kwa maandishi jinsi ya kukifikia.

Usiku una kazi yake. Tukishaota moto, mlezi husoma kwa sauti, dakika kumi na tano basi, na kitabu hufungwa pale mtu wa hadithini anapofungua mlango asiojua nyuma yake kuna nini. Watoto watalalamika. Waacheni walalamike. Kitabu kinarudishwa kwenye sanduku ambalo halina kufuli, na kila mtu anajua halina kufuli. Asubuhi moja niliwakuta watatu wamekigombea, vichwa vimegusana, wa katikati akiwazuia wenzake wasifunue ukurasa kabla hajamaliza.

Kuna na nyota. Katika kambi ya Desemba binti mmoja aliniuliza kuhusu kile kifungu kidogo cha nyota zilizobanana. Nikamwambia ni Kilimia, nikamtupia na methali yake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Akataka zaidi. Nilikuwa nayo zaidi, nikaimeza, nikamwambia kitabu cha nyota kimo sandukuni. Tochi zetu tunazifunga nailoni nyekundu, kwa sababu macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza na mwanga mweupe huyarudisha mwanzo mara moja. Akasoma kwa mwanga huo mwekundu, amelala kifudifudi. Aliporudi alikuwa na habari: yeye amehesabu nyota sita, lakini kifungu kile kina zaidi ya elfu moja, na mwanga alioutazama uliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita. Wenzake wakamwambia anadanganya. Akawaletea kitabu.

Mambo ya vitendo ni machache. Vitabu viwe vingi kuliko watoto, ili kuchagua kuwe kuchagua kweli. Vifungwe kwenye mifuko ya plastiki, maana umande hauna huruma. Viwemo vya ndege, vya vifundo vya kamba, vya vichekesho na vya picha. Na muhtasari usidaiwe. Nalirudia hili kwa sababu kila mwaka kuna mlezi mpya anayekuja nao.

Sitaki kuuza kambi kama dawa. Mtoto ambaye bado hajui kuunganisha silabi hatajifunza kwa siku tano za hemani. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye kila siku, na kambini tunachoweza ni kumweka na msomaji mwepesi na kumsomea sana. Wala mzazi asiyemudu kambi asijione amekosa. Shuka mbili juu ya kamba uani, tochi, ramani iliyofichwa nyuma ya mlango, yanatosha kuanzia.

Yule mvulana wa matopeni alirudi mwaka uliofuata, akaomba aandike karatasi za hazina yeye mwenyewe. Tulimpa kituo kimoja. Aliandika kwa kalamu ya risasi, akafuta, akaandika tena, kisha akanionyesha huku akijizuia kucheka. Katika mistari mitatu alikuwa amepanga mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, zote nne, na makundi mawili yaliishia kwenye matete.